Mguu wa Refa

Jumatatu, 9 Machi

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya wateja. Kurasa za mbele ni mabega, viuno na urefu wa mikono ya watu wa mtaa mzima, na wamo humo walionenepa tangu waliponipa vipimo na hawataki kukubali. Kuanzia leo kurasa za nyuma ni za mguu wa mume wangu. Ni amri ya Dada wa Vidonda. Amesema niandike kila siku: sukari, ukubwa wa kidonda, harufu, rangi, na lolote jingine nitakaloliona. "Lolote lile, mama, hata ukiona ni la kijinga." Haya, na niandike ya kijinga.

Dada wa Vidonda ni muuguzi wa kliniki ya vidonda vya kisukari. Jina lake analo, lakini wagonjwa wote wanamwita hivyo na ameshazoea kuitika. Mume wangu naye mtaa mzima unamwita Refa, maana alichezesha mpira miaka ishirini na mitatu, kila Jumamosi na Jumapili, na siku za kazi alizunguka nyumba kwa nyumba akisoma mita za maji. Mtu wa miguu. Kisukari kilimwingia miaka tisa iliyopita, na taratibu miguu ikafa ganzi. Ukimfinya dole gumba anaangalia pembeni, kama vile unamfinya mtu mwingine.

Kidonda nilikileta mimi. Naliandika hili mapema nisije nikajifanya silijui. Mwezi wa Januari pini yangu moja ilidondoka sakafuni, akaikanyaga chini ya dole gumba la mguu wa kulia, akatembea nayo tangu asubuhi hadi jioni bila kuhisi kitu. Niliiona nilipokuwa namwosha miguu. Kichwa cha pini kilikuwa kimezama kwenye nyama. Yeye akacheka, akasema miaka yote hii ananiomba nimshonee shati, leo nimemshona mwenyewe. Mimi sikucheka, na mpaka leo sijacheka.

Leo kliniki: milimita kumi na nane kwa kumi na tano. Dada alikwangua sugu pembeni kwa wembe wake, akaingiza kijiti cha chuma kupima kina, akasema hakijagusa mfupa. Kisha akaweka kipande cha nailoni angavu juu ya kidonda na kuchora ukingo wake kwa kalamu ya wino. Nikamwambia hiyo kazi aniachie mimi, kuchora ukingo ndiko kunakonilisha. Sukari 9.

Jumanne, 10 Machi

Sukari 9. Hakuna jipya. Mawingu.

Alhamisi, 19 Machi

Redio haina habari nyingine, ni korona tu. Dukani watu wanapigana vikumbo kwa sabuni, hata wale ninaowajua hawaipendi. Sukari 9.

Jumatatu, 23 Machi

Tumekwenda kliniki tukakuta mlango umebandikwa karatasi: imefungwa mpaka itakapotangazwa tena. Mzee mmoja mwenye gongo aliisoma kwa sauti mara tatu, nafikiri alitaka kuona kama mara ya tatu itabadilika. Ndani walikuwa wanaingiza vitanda vya wagonjwa wa korona.

Dada wa Vidonda alitokea mlango wa nyuma, kavaa aproni ya plastiki, macho mekundu. Amehamishiwa wodi hiyo hiyo. Akanipa mfuko: shashi, bendeji, chupa za maji ya chumvi, vipande vya nailoni, kalamu. "Kila Jumatatu nichoree, upige na picha, unitumie. Nitakupigia saa saba nikitoka kula. Na wewe Refa, mguu huo usikanyage chini bila kile kiatu nilichokupa. Na hata ukiwa nacho, usizurure."

Refa akamwuliza kama hiyo ni kadi ya njano. Akamjibu kwamba ya njano alishapewa Februari.

Nilimwomba wembe na kijiti cha chuma. Alikataa. "Hivyo siwezi kukupa, mama. Utamkata, na yeye hatahisi akuambie basi." Ni kweli. Tukarudi nyumbani na mvua ya kwanza ikatukuta njiani.

Jumatatu, 30 Machi

16 kwa 13. Nimechora vizuri kuliko yeye. Sukari 9.

Ijumaa, 3 Aprili

Barakoa. Kila mtu anataka barakoa. Walioniletea magauni wameyasahau. Leo nimeshona hamsini na mbili, Refa kakaa kitandani mguu juu ya stuli, anakata lastiki. Anazikata zote sawasawa, kwa jicho tu. Nimemwambia amepoteza maisha yake na filimbi, angekuwa fundi mzuri.

Jumatatu, 6 Aprili

13 kwa 10. Dada amepiga saa saba na dakika tano, nikamsikia anatafuna. Amesema: "Safi, mama. Endelea hivyo hivyo." Nimefurahi kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu. Mvua usiku kucha, mpaka asubuhi.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimemfuma. Nilikuwa nimezima cherehani nitie uzi, nikasikia hatua uani. Bwana mkubwa anatembea kuzunguka ua, kandambili miguuni, mikono nyuma, kama vile anakagua uwanja kabla ya mechi. Nikampa za uso. Akasema mguu umechoka kulala. Nikamwambia mguu hauchoki, unaochoka ni ubongo wako. Kumbe hutoka kila cherehani inapolia, maana anajua sisikii. Kandambili nimezificha. Sukari 9.

Jumatatu, 13 Aprili

11 kwa 8.

Jumanne, 14 Aprili

Binti yetu, kitinda mimba, kapiga simu kutoka mji anakofundisha. Barabara zimefungwa, hawezi kuja. Alianza vizuri, akaishia kule kule: "Mama, si nilikuambia ununue sumaku ya kuokotea pini?" Uliniambia, mwanangu. Nilisema nitanunua.

Jumatatu, 20 Aprili

8 kwa 6. Nimepanga vipande vya nailoni kimoja juu ya kingine nikavinyanyua dirishani. Vinapungua kama miduara ya jiwe lililotupwa majini, ila hii inakwenda ndani badala ya nje. Nilimwita Refa aone. Kasema nivitie fremu.

Jumapili, 26 Aprili

Mshika kibendera wake amefariki. Walichezesha pamoja miaka kumi na minne, mmoja anapiga filimbi, mwingine ananyoosha bendera, na walikuwa wanagombana offside hata msibani. Aliingia hospitali Jumanne na kikohozi. Hakuna aliyeruhusiwa kumwona. Amezikwa na watu waliovaa nguo nyeupe mpaka usoni, mkewe kasimama ng'ambo ya barabara.

Refa kutwa nzima kakata lastiki. Jioni, nilipokuwa namfunga bendeji, akasema: "Fundi, mimi kule siendi. Iwe iwavyo." Nikamwambia nani kasema unakwenda, kidonda kinapona. Sukari 10.

Jumatatu, 27 Aprili

5 kwa 4.

Jumatatu, 4 Mei

Kimefunga. Naandika tena: kimefunga. Pale palipokuwa na shimo pana ngozi, ngumu, ya manjano kidogo, imekutana katikati kama tundu la kifungo lililoshonwa. Hakuna damu wala maji. Sikuwa na cha kuchora. Nimetuma picha tu. Dada aliniuliza: "Kuna kijishimo chochote?" Nikamwambia hakuna, pamekuwa sawasawa juu, pamefunga kabisa. Nyuma yake nasikia mashine zinalia, akasema: "Hongera, mama. Ungejua leo nilivyohitaji habari kama hii."

Nimeketi kitandani nikalia. Refa akanipangusa machozi kwa barakoa mpya, ya mteja. Miezi minne nilikuwa nabeba ile pini kifuani.

Jumatano, 6 Mei

Sukari 12. Nimepima tena, 12. Mvua.

Jumamosi, 9 Mei

Sukari 15. Nimefungua kopo la sukari nikaona kama limeshuka. Nikamwuliza. Kwanza akaangalia dari, kisha akasema: "Nimelamba vijiko viwili. Nisamehe." Nilimsema mpaka jirani akapunguza redio asikilize vizuri. Mguu umepona tu, ameanza wizi. Kopo nimelifungia kwenye sanduku la vitambaa.

Jumatatu, 11 Mei

Sukari 17. Amekiri kwamba alimtuma mtoto wa jirani soda. Sikumwelewa. Mtu aliyechezesha mpira wa watu wazima na hajawahi kula rushwa hata ya chungwa, leo ananiibia sukari nyumbani mwangu. Nimeletewa kazi ya barakoa mia mbili za watu wa sokoni, zinatakiwa Jumapili. Mguu niliuangalia juu juu, bado umefunga. Picha sikutuma. Nilisahau, na Dada naye hakupiga.

Jumatano, 13 Mei

Baridi. Mvua haijakatika tangu juzi. Refa kaomba sweta. Sukari 17.

Ijumaa, 15 Mei

Ameomba sweta la pili. Nimemkuta mchana kajifunika blanketi, lastiki zimemwagika chini hazijakatwa. "Mvua hii, fundi," akasema. "Mifupa imezeeka." Nikamwongezea chai ya rangi, nikarudi kwenye cherehani. Barakoa zimefika mia na thelathini. Sukari 19, na nimechoka kugomba.

Jumatatu, 18 Mei

Sasa saa tatu asubuhi, nitaandika ninavyoweza.

Nimevua soksi nimpige picha. Kabla sijaimaliza kuivua nikasikia harufu. Mguu umevimba mpaka kifundo, mwekundu, unang'aa. Ile ngozi ngumu iko pale pale, imefunga vile vile, lakini chini yake pamekuwa peusi. Nikabonyeza kwa kidole. Haikufunguka. Usaha ulitokea juu, kati ya dole gumba na kidole cha pili, mwingi, ukatiririka mpaka kwenye shuka. Refa alikuwa ananiangalia mimi, hauangalii mguu.

Nimempigia Dada. Si saa saba, lakini alipokea. Nikamweleza. Akauliza: "Hiyo ngozi ni ngumu? Ya manjano? Ukigonga kwa ukucha inalia?" Nikagonga. Inalia. Kisha akasema: "Mama, hiyo si ngozi. Ni sugu. Imefunika kidonda kwa juu kama kifuniko cha sufuria, chini kinaendelea. Mlete sasa hivi."

Refa amesema hatoki. Ameshika mbao za kitanda. Nimempigia shemeji, mdogo wake, aje na gari.

Jumatano, 20 Mei

Naandikia kwenye benchi nje ya uzio wa hospitali. Nimekuja nalo daftari kwa sababu sijui pengine pa kuliweka.

Juzi ilitubidi kumbandua vidole kimoja kimoja kwenye kitanda. Shemeji alikuwa analia huku anambandua. "Kaka, unanifanya nikufanyie hivi," akawa anasema, "unanifanya nikufanyie hivi." Refa hakumjibu yeye. Aliniambia mimi: "Umesikia nilichokuomba." Nikamjibu nimesikia, sikubali. Tukambeba.

Getini wanapima joto. Yeye alikuwa na thelathini na tisa na nusu. Nikawaambia ni mguu, nikafungua bendeji nikawaonyesha, lakini yule mlinzi wa afya akasema mwenye homa ni mwenye homa, anakwenda kwenye hema la wanaosubiri majibu ya korona. Daktari wa upasuaji hamgusi mpaka majibu yatoke. Yanatoka lini? Siku mbili, labda tatu. Nikamwuliza mguu nao uwekwe wapi siku hizo mbili. Akaniashiria nisogee, na sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu sitini nyuma yangu.

Walimpa dawa ya sindano hemani, Dada alihakikisha. Lakini usaha ukibaki ndani dawa inafanya nini?

Leo saa nane majibu yametoka. Hana korona.

Alhamisi, 21 Mei

Daktari amenipigia. Sauti ya kijana, anazungumza polepole, anachagua maneno. Amesema Jumatatu pengine angekata vidole viwili. Leo ni chini ya goti, na lazima leo hii. Amesema Refa mwenyewe ameshatia sahihi. Nikamwuliza alisema nini alipotia sahihi. Akasema: "Aliuliza kama atacheza dakika za nyongeza."

Ijumaa, 22 Mei

Wamemkata. Yuko hai.

Jumamosi, 23 Mei

Nimepigiwa na mtu wa ofisi, mwenye haraka. "Mguu mnauchukua au tuuteketeze?" Nikamwuliza tena, nikidhani sijasikia. Akarudia kwa utaratibu, si mkali, ni swali alilozoea. Nikasema tunauchukua.

Shemeji alitaka abaki nao yeye, aniondolee mzigo. Nimekataa. Walinipa dirishani, umefungwa kitambaa cha kijani, halafu mfuko. Ni mzito kuliko unavyofikiri. Niliupakata kwenye gari. Shemeji akaendesha polepole mpaka makaburini. Mchimba kaburi akauliza marehemu yuko wapi, tukamwambia, akavua kofia, akachimba shimo fupi pembeni karibu na ukuta. Watu wawili tu, na mazishi siku hizi yanaruhusiwa watu kumi, kwa hiyo sheria hatukuivunja.

Kabla hatujauweka chini nilifungua kitambaa upande wa unyayo. Nilitaka kuona. Sugu ilikuwa pale pale, na sasa imepasuliwa, na chini yake shimo linaloingia kidole changu kizima. Wiki tano nilikuwa napima ukingo. Mimi fundi, urefu na upana ndio maisha yangu. Kina hakuna nguo inayokihitaji, sikuwahi hata siku moja kujiuliza kina. Nikauomba radhi ule mguu kwa sauti, sijali nani alinisikia. Shemeji akageuka upande wa ukuta.

Jumatatu, 25 Mei

Mvua. Watu wa sokoni wamekuja kuchukua barakoa. Mia na thelathini tu.

Alhamisi, 28 Mei

Dada wa Vidonda amekuja mpaka uzioni, kwa upande wa ndani. Sikumtambua mara moja, amekonda, pua ina alama ya barakoa kama jeraha. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Nimeyaandaa kwelikweli, nilikuwa nayasema peke yangu nikifagia. Akaniwahi.

"Niliziona picha zote, mama. Mimi ndiye nilikuambia hongera. Kliniki ningepitisha wembe, dakika moja, ningeona. Kwenye simu niliona rangi ya ngozi nikataka iwe ngozi." Akasema kwenye orodha yake walikuwa wagonjwa thelathini na mmoja. Tangu Machi sita wamekatwa miguu, na mmoja hakupata hata nafasi ya kukatwa. Mwaka jana, mwaka mzima, walikatwa wawili. "Wengine hawakuja kwa sababu tulifunga. Wengine kwa sababu waliogopa. Wote wanafika wakiwa wamechelewa siku mbili, tatu. Sijui nimlaumu nani, kwa hiyo najilaumu mimi, ni rahisi zaidi."

Maneno yangu niliyaacha. Nilimwambia akale. Akasema amekula, na nilijua anadanganya.

Jumatano, 3 Juni

Dada amempa Refa simu yake, tumezungumza mara ya kwanza tangu hemani. Sauti yake ni ndogo. Alianza na utani, nikamwacha. Nikamwambia tangu sasa sukari ataisikia kwenye redio tu.

"Fundi," akasema, "sikula sukari."

Nikamwuliza sukari gani.

"Ile. Vijiko viwili, soda, sikula. Hata tone. Nilijua sukari ikipanda hivyo bila kula kitu kuna jambo mguuni. Dada alitufundisha zamani, wewe ulikuwa umekwenda kuchukua dawa dirishani. Na homa nilikuwa nayo tangu tarehe nane. Haikuwa mvua."

Nilikaa chini, pale pale uzioni, kwenye tope.

Alisema alihesabu. "Ukijua ni mguu utampigia Dada, Dada atasema mlete, nikifika kule nitaingia mlango ule alioingia mshika kibendera na wewe utasimama ng'ambo ya barabara." "Niliona bora uniite mwizi," akasema. "Nilikuwa nakusikia unashona chumba cha pili, nikasema basi, hata ikiwa hivi, iwe hapa."

Nilikata simu. Naandika nilivyofanya.

Ijumaa, 5 Juni

Tarehe nane mpaka tarehe kumi na nane. Siku kumi. Mimi nilikosa kuona kwa sababu sikujua. Yeye alijua. Alikaa pale anatetemeka ananiangalia nikimwongezea sweta, akaniacha niamini mvua. Akaniacha nimwite mwizi mbele ya majirani na akaomba msamaha. Ni uongo gani huo, mtu anaomba msamaha ndani yake?

Binti kapiga, nikamweleza. Akasema: "Baba aliogopa tu, mama." Nikamwambia na mimi niliogopa, lakini mimi niliogopa huku natafuta gari.

Jumatatu, 15 Juni

Amerudi. Shemeji kambeba mpaka kitandani. Jeraha la mshono ni safi, limefungwa vizuri, hata mimi siwezi kulikosoa. Amekonda mabega. Alinisalimia, nikaitikia. Basi.

Jumanne, 16 Juni

Sukari 8. Mguu wa kushoto nimeukagua wote, vidole, kisigino, kati ya vidole. Hakuna kitu.

Jumatano, 17 Juni

8. Hakuna kitu.

Alhamisi, 18 Juni

Kila kinachotakiwa nafanya. Namwosha, nampima, namlisha, namgeuza. Nafanya bila neno. Yeye naye habembelezi, na hilo linaniudhi zaidi, maana ningependa abembeleze ili nikatae.

Ijumaa, 19 Juni

Leo ameniambia "asante" nilipompa maji. Nilitoka chumbani.

Jumapili, 21 Juni

Jua. Mvua zimekwisha, ua umekauka, na nyayo za zile kandambili bado zimeganda kwenye udongo pale karibu na bomba, chini ya paa ambapo mvua haifiki.

Mchana nilikuwa kwenye cherehani. Nikasikia sauti nikadhani ni ya mtaani. Nikasimamisha gurudumu. Refa analia. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na sijawahi kumsikia mume wangu akilia. Mama yake alipokufa alikwenda kutembea. Nikakimbilia chumbani.

Alikuwa amekunja shuka kwenye ngumi, jasho linamtiririka. "Dole gumba," akasema. "Linaungua. Kuna mtu analikanyaga, fundi, mwambie aondoke."

"Dole gumba lipi?" Ndilo neno la kwanza nililomsemesha tangu ile salamu ya siku aliyorudi.

Akanitazama kama mtu anayeona aibu. "La kulia."

Dada alikuwa amenitajia jambo hili uzioni, kwamba mguu uliokatwa huweza kuuma mahali usipokuwepo, nami nilidhani ananisimulia habari za watu wengine. Miaka tisa mguu ule haukumwambia kitu. Umechomwa, umeoza, haukusema. Leo uko chini ya udongo makaburini, ndipo anauhisi.

Nilitaka kumwambia mengi. Hasira ya siku zote hizi bado nilikuwa nayo. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, chini kabisa, pale ambapo mguu ungekuwa. Nikaweka mkono kwenye shuka. Palikuwa tambarare, na baridi.

"Nisugulie," akasema.

Nikaanza kusugua. Akafumba macho. "Chini kidogo," akasema. Nikasogeza mkono chini kidogo. "Kulia." Nikausogeza kulia. Akashusha pumzi ndefu, ngumi ikafunguka, akasema: "Hapo. Hapo hapo. Usiutoe mkono."

Sikuutoa. Nimesugua shuka mpaka alasiri.